Difu ya mbio yamchelewesha shemeji

Msomaji mpendwa, Jumapili hii naomba tuingie chini ya gari. Najua hapo si mahali pa kuingia ukiwa na nguo za kanisani, lakini ndiko ilikozama karo ya muhula mzima ya watoto wa shemeji yangu, na singependa ya watoto wako ifuate njia hiyo.

Shemeji huyu, ndugu ya mke wangu, ni mkazi wa Ruiru. Ana pikapu kuukuu ya dizeli aliyoinunua kwa mkopo wa chama cha akiba, na mkopo wenyewe bado analipa. Kila alfajiri, isipokuwa Jumapili, huenda Thika, akapakia magunia ya lishe ya ng'ombe na kuku, kisha akashika njia ya Gatanga. Hupanda vilima hadi vijiji vilivyo jirani na bwawa la Ndakaini, lile ambalo wakazi wa Nairobi hunywa maji yake bila kujua yatokako. Hurudi na kabichi, avokado na mitungi ya maziwa. Siku njema huenda safari mbili. Kwa safari hizo watoto watatu wanasoma, na mkubwa wao yuko shule ya bweni.

Mwaka jana difu ya gari hilo ilianza kulia. Kwanza ilikuwa sauti nyembamba kama ya mbu, halafu ikawa ya nyuki, na mwishowe aliyeketi karibu na dereva alilazimika kupaaza sauti ili asikike. Makanika akafungua, akaona meno yameliwa. Dawa ilikuwa kutafuta difu nyingine, na kwa kuwa mpya haishikiki kwa bei, shemeji akaenda kwa wauzaji wa spea zilizokwisha tumika.

Huko alionyeshwa difu mbili. Zote zilitoka katika magari ya jina lile lile la pikapu yake, na zote zingeingia mahali pake bila kutoboa hata tundu moja. Muuzaji alimwambia kwamba ya kwanza ni difu ya mzigo na ya pili ni difu ya mbio. Ile ya mbio ilikuwa safi zaidi, na bei yake ilipungua kwa shilingi 2,000.

"Bosi, siku hizi barabara ya Thika ni lami tupu," muuzaji akamwambia. "Chukua hii ya mbio, utapepea."

Nani asiyependa kupepea? Shemeji akalipa.

ASALI YA SIKU MOJA

Jumapili iliyofuata alinipitia twende Thika kuwajulia hali wazee. Gari lilikuwa tupu, njia nyeupe. Kutoka Ruiru hadi Juja injini haikusikika. Mahali ilipokuwa ikinguruma sasa ilikuwa ikiimba polepole, na magari yaliyozoea kutupita tukawa tunayapita sisi. Shemeji alinitazama kama bwana harusi anayetoka kanisani.

Jumatatu ikawa siku nyingine. Alipakia magunia 14 ya kilo 70, karibu tani moja, akaelekea Gatanga. Kilima cha kwanza alichozoea kukipanda na gia ya tatu kilimkataa. Gari lilitetemeka, akarudisha gia ya pili, na hapo injini ikapiga kelele huku mwendo ukiwa wa mzee wa mkongojo. Lori la majani chai lilimpita, na utingo wake akampungia mkono wa pole.

Shemeji hakumwambia mtu. Wanaume tuna ugonjwa huo: tukishanunua kitu, hatutaki kusikia kwamba tumekosea. Aliyegundua ni mke wake, ambaye huandika kila shilingi katika daftari la mraba. Wiki ya tatu alimwita mezani, akamfungulia kurasa mbili. Kabla ya difu mpya, dizeli ya shilingi 10,000 ilikuwa ikimaliza safari nne na kubakisha kidogo. Sasa safari ya nne ilikuwa ikimalizwa kwa kukopa. Zile siku za safari mbili zilikuwa zimepungua hadi moja kwa wiki.

"Baba watoto," akamuuliza, "hili gari la mbio mbona linachelewa kufika nyumbani?"

Hakupata jibu. Jibu lilikuja lenyewe mwezi wa tatu, pale klachi ilipoungua katikati ya kilima, maziwa yakiwa nyuma na jua likiwa la saa nane. Gharama ya kuvuta gari, klachi mpya, maziwa yaliyoharibika na siku ambazo gari lililala gereji, zote zilitoka mahali pamoja. Kijana wa bweni akabaki nyumbani wenzake walipofungua shule.

MZEE NA CHAKI YAKE

Hapo ndipo tulipokwenda kwa fundi mmoja mzee pale Thika. Mji huo si wa mananasi pekee. Una kiwanda cha kuunganisha magari, kilichoanza miaka ya 1970 kwa jina la Leyland Kenya na ambacho leo huitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Hapo ndipo Volkswagen ilipoanza tena kuunganisha magari yake nchini mwishoni mwa mwaka 2016. Si ajabu basi kupata Thika watu wanaolijua gari tangu mifupa yake.

Mzee hakushika spana. Alitusikiliza, akacheka, kisha akachukua chaki na kuchora sakafuni.

"Kijana wangu," akamwambia shemeji, "injini ni mtu mmoja. Difu haimwongezei chakula. Inamchagulia tu hatua, ndefu au fupi. Sasa niambie, ukibeba gunia la viazi kupanda mlima, unapiga hatua gani?"

"Fupi, mzee."

"Na wewe ukampa mtu wako hatua ndefu, ukamtwika tani moja, ukamwambia apande Gatanga. Angefanya nini?"

Msomaji, ukiinama nyuma ya pikapu, lori au matatu nyingi, utaona chuma kilichovimba kama chungu katikati ya ekseli ya nyuma. Hiyo ndiyo difu. Ndani yake mna gurudumu kubwa la meno liitwalo krauni, na dogo liitwalo pinioni. Pinioni huzungushwa na propela, ule mti mrefu wa chuma unaotoka kwenye giaboksi. Pinioni huisukuma krauni, na krauni huzungusha magurudumu. Katika magari mengi madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele kazi hiyo hufanyika ndani ya giaboksi, lakini kanuni ni ile ile.

Siri yote iko katika hesabu ya meno. Difu ya zamani ya shemeji ilikuwa na krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 9. Gawanya 41 kwa 9, unapata 4.56. Maana yake propela ilizunguka mara nne na nusu na ushei ili gurudumu lizunguke mara moja. Ile ya mbio ilikuwa na meno 43 kwa 11, yaani 3.91. Propela ilizunguka mara chache zaidi kwa kila mzunguko wa gurudumu.

Namba kubwa ni hatua fupi: mvuto mwingi, mwendo mdogo. Namba ndogo ni hatua ndefu: mwendo mwingi, mvuto mdogo. Unachokipata upande huu umekitoa upande ule. Hakuna difu inayokupa vyote viwili, kama vile hakuna panga linalokata pande zote mbili bila kumkata mwenyewe.

HESABU KWA WANAFUNZI

Wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, chukueni kalamu. Tuseme tairi likizunguka mara moja gari husonga mita 2, na injini inazunguka mara 3,000 kwa dakika. Tuseme pia gia ya nne haipunguzi kitu, yaani propela huzunguka sawa na injini.

Kwa difu ya 4.56, gurudumu litazunguka mara 658 hivi kwa dakika, na gari litakwenda kilomita 79 kwa saa. Kwa difu ya 3.91 litazunguka mara 767, na gari litakwenda kilomita 92 kwa saa. Injini ni ile ile, kelele ni zile zile, na kuna kilomita 13 za bure. Hiyo ndiyo asali tuliyoilamba Jumapili ile.

Lakini fuata hesabu hadi kilimani. Tuseme gia ya tatu hupunguza mizunguko kwa 1.4 na gia ya pili kwa 2. Kwa difu ya zamani, shemeji alikuwa akipanda na gia ya tatu: 1.4 mara 4.56 ni takriban 6.4. Injini ikizunguka mara 3,000, hupanda kwa kilomita 56 kwa saa.

Akiwa na difu ya mbio, gia ya tatu inampa 5.5 tu. Mvuto umepungua kwa asilimia 14, na kwa mzigo ule hautoshi. Hana budi kurudi gia ya pili, na hapo 2 mara 3.91 ni 7.8. Mvuto sasa ni mwingi kupita anaouhitaji, lakini kwa mizunguko ile ile 3,000 gari linatambaa kwa kilomita 46 kwa saa.

Umeona mambo hayo? Difu ya mbio imempunguzia mwendo wa kilomita 10 kwa kila saa ya kupanda. Anakwenda polepole zaidi, injini ikizunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita. Daftari la mama watoto lilikuwa limesema kweli bila kujua hesabu hii.

Nayo klachi je? Gari lenye mzigo likianza kupanda kutoka kusimama, gia ya kwanza ndiyo tegemeo. Gia hiyo nayo ilikuwa imerefushwa hatua. Ili injini isizimike, shemeji alikuwa akiishikilia klachi nusu juu nusu chini kwa sekunde nyingi, na klachi inayosuguliwa hivyo kila kituo cha kuteremshia magunia huisha kama sabuni kwenye mvua.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wa spea hawalifikirii. Thika iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na bwawa la Ndakaini liko zaidi ya mita 2,000. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini isiyo na kipulizio cha kuisukumia hewa hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo gari lililo na nguvu kamili Mombasa hufika Ndakaini likiwa limepungukiwa na moja kwa tano. Ukilitoa tena asilimia 14 ya mvuto kwa difu, usilaumu injini.

MSHALE UNAODANGANYA

Yote hayo ni ya mfukoni. Lililobaki ni la uhai.

Wiki chache baada ya kubadilisha difu, shemeji alisimamishwa na polisi wa trafiki kati ya Juja na Ruiru, akiwa na mtambo wa kupimia mwendo. Aliapa kwamba alikuwa kwenye 80, kiwango kinachoruhusiwa kwa magari ya biashara. Afande akamwonyesha mtambo: 93. Shemeji alirudi nyumbani akisema mtambo ni mbovu na afande ni mbovu zaidi.

Mzee wa Thika alipoisikia habari hiyo alitikisa kichwa. "Afande alisema kweli. Aliyedanganya ni mshale wako."

Katika magari mengi ya kitambo, waya wa spidomita hutoka kwenye mkia wa giaboksi. Spidomita haioni gurudumu. Inahesabu mizunguko ya propela, kisha inakisia mwendo kwa kuamini kwamba difu ni ile iliyotoka kiwandani. Ukibadilisha difu bila kuiambia, itaendelea kukisia kwa hesabu ya zamani. Mshale ukisema 80, gari la shemeji lilikuwa likienda 93.

Kilomita 13 zinaweza kuonekana ndogo, lakini breki haizihesabu hivyo. Nguvu ambayo breki hulazimika kuizima huongezeka kwa mraba wa mwendo. Kutoka 80 hadi 93 nguvu hiyo huongezeka kwa zaidi ya theluthi moja. Kwa mtoto anayevuka barabara pale Ruiru, theluthi hiyo ndiyo tofauti kati ya gari kusimama mbele yake na gari kumfikia.

Sasa fikiria matatu. Kanuni za mwaka 2003, zilizoanza kutekelezwa kwa nguvu Februari 2004 wakati John Michuki akiwa waziri wa uchukuzi, ziliamuru magari ya abiria yafungwe mikanda na vidhibiti mwendo visivyozidi kilomita 80 kwa saa. Wengi wetu tunapanda matatu ya Thika tukiamini kwamba kidhibiti kinatulinda. Ikiwa kidhibiti kinapata habari zake kutoka mkia wa giaboksi, na mwenye gari ametia difu ya hatua ndefu, basi kidhibiti kitakuwa kizima, rakili yake itakuwa haijakatwa, na gari litapita 90 huku chenyewe kikidhani ni 80. Sisemi kwamba kila mwenye matatu hufanya hivyo. Wengi hawajui, kama shemeji alivyokuwa hajui. Lakini kutojua hakupunguzi kishindo.

MPWA NA SUBARU YAKE

Nilipoyasimulia haya nyumbani, mpwa wangu anayesomea uhandisi chuo kikuu pale Juja alisikiliza huku macho yakimng'aa. Yeye ana ndoto za Subaru. "Mjomba," akaniambia, "kumbe nikitia difu ya hatua fupi, gari litaruka kama swara!"

Nilimjibu kwamba ni kweli, na ndiyo sababu timu za mashindano huchagua difu kulingana na njia: hatua fupi kwa kona na matope, ndefu kwa mbuga zilizonyooka. Lakini kila ruko lina bei yake. Ukitoka difu ya 3.9 hadi 4.44, injini iliyokuwa ikizunguka mara 3,000 kwa mwendo fulani itazunguka zaidi ya mara 3,400 kwa mwendo ule ule. Kutoka Juja hadi Nairobi atasikia kelele njia nzima na kulipia petroli ya kelele hizo, na bado lile gari la jirani litampita mbele ya safari, kwa sababu lake litaishiwa na mwendo mapema.

Halafu kuna mtego. Subaru nyingi huendeshwa na magurudumu yote manne. Zina difu mbili, ya mbele ikiwa ndani ya giaboksi na ya nyuma ikiwa kwenye ekseli. Katika nyingi, hizi mbili lazima ziwe na namba moja. Kijana akinunua giaboksi ya Subaru nyingine kwa sababu imepatikana rahisi, akaacha difu yake ya nyuma, magurudumu ya mbele yatataka hatua hii na ya nyuma yatake ile. Ni kama mume na mke wanaoubeba mzigo mmoja, huyu akikimbia na yule akitembea. Sehemu inayowaunganisha katikati itachemka, kisha itavunjika. Pikapu na magari ya porini yenye gia ya kuunganisha magurudumu manne nayo yako katika sheria hiyo hiyo.

Nikamkumbusha pia kwamba mbio si kila kitu, hata katika mbio zenyewe. Safari Rally ya Afrika Mashariki ilishindwa na Peugeot 404 mara nne: mwaka 1963 na 1968 na Nick Nowicki, na mwaka 1966 na 1967 na Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania. Injini ya gari hilo ilikuwa ya lita 1.6 tu. Lilishinda kwa kufika, wakati yaliyopepea yalikuwa yamebaki njiani.

Mpwa wangu alinyamaza. Natumaini alikuwa akifikiri, si kutafuta mjomba mwingine.

KABLA HUJALIPA

Ikiwa gari lako linahitaji difu, au kuna mtu anakushawishi kuibadilisha, zingatia mambo haya.

Kwanza, jua namba yako. Katika magari mengi imeandikwa kwenye kibati cha chini ya boneti au cha mlangoni, kwa herufi ambazo muuzaji mzuri wa spea hujua kuzisoma. Kama kibati kimepotea, mwambie fundi azuie magurudumu ya mbele kwa mawe, aachilie breki ya mkono, atoe gia, na kuinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki akiliweka juu ya stendi imara. Atie alama ya chaki kwenye propela na kwenye tairi. Azungushe tairi lililo juu mara mbili kamili, huku mwingine akihesabu mizunguko ya propela. Ikizunguka mara nne na nusu, difu yako ni ya 4.5 hivi. Kwa kuwa gurudumu la pili limekanyaga chini, mizunguko miwili ya hili ni sawa na mmoja wa krauni. Njia hiyo haigharimu hata shilingi moja, na unaweza kuitumia kwa difu iliyo mezani kwa muuzaji: zungusha pinioni na uhesabu, au ifunguliwe uhesabu meno.

Pili, usinunue krauni ya gari hili na pinioni ya lile. Hivyo viwili husuguliwa pamoja kiwandani na huishi kama mapacha. Ukivitenganisha vitalia, na kilio hicho kina mwisho mmoja.

Tatu, hakikisha fundi anapima jinsi meno yanavyoshikana kwa kuyapaka rangi na kutazama alama, na kwamba ametia oili ya difu, si oili yoyote iliyobaki kwenye mkebe. Meno ya difu husuguana kwa shinikizo ambalo oili ya injini haikutengenezewa.

Nne, tazama matairi yako. Tairi kubwa kuliko la kiwandani ni sawa na kurefusha hatua. Wengi huweka matairi makubwa ili gari lisiguse mashimo, halafu hushangaa kwa nini limekuwa zito vilimani na kwa nini mshale unasema uongo. Ukiongeza ukubwa wa tairi kwa asilimia 10, umebadilisha difu bila kufungua hata bolti moja.

Tano, na hili ndilo kubwa, jiulize gari lako hufanya kazi gani siku nyingi, si siku moja. Shemeji alichagua difu ya Jumapili kwa gari la Jumatatu. Lori linalobeba mawe ya kujengea kutoka machimbo ya Ndarugu linahitaji hatua fupi, hata kama dereva atachoka na kelele kwenye lami. Gari la familia linalokwenda Nairobi na kurudi likiwa na watu wanne linafaidika na hatua ndefu. Mara nyingi aliyelitengeneza gari ameshafanya hesabu hiyo, na kumkosoa kunahitaji sababu nzito kuliko maneno ya muuzaji.

Sita, ukibadilisha, rekebisha spidomita. Kama ni gari la abiria, wanaoshughulikia kidhibiti mwendo wajulishwe ili kipimwe upya. Abiria hawezi kuinama chini ya gari kuhesabu meno. Amekukabidhi roho yake pamoja na nauli.

MWISHO WA SAFARI

Mzee wa Thika alitafuta krauni na pinioni za meno 41 kwa 9, zilizotoka difu moja, akazipanga kwa siku nzima. Ile difu ya mbio hatukuitupa, kwani haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa njema mahali pasipo pake. Alinunua mwenye pikapu kama hiyo anayesambaza mikate njia ya Garissa, ambako mzigo ni mwepesi na nchi ni tambarare. Kabla hajalipa tulimweleza habari za mshale, naye akatengeneza spidomita siku hiyo hiyo.

Shemeji amerudi kwenye kilima chake na gia ya tatu yake. Kwenye barabara kuu injini inanguruma kama zamani na magari yanampita tena, wala hajali. Daftari la mraba limeanza kuonyesha safari mbili kwa siku. Kijana wa bweni alirudi shuleni wiki mbili baada ya wenzake, na amekuwa akinakili masomo aliyoyakosa usiku kwa usiku.

Juzi nilipomtembelea nilimkuta mama watoto akiandika daftari lake. Alikuwa ameongeza mstari mpya juu ya ukurasa, kwa kalamu nyekundu: "41 kwa 9." Nikamuuliza wa nini.

"Shemeji," akanijibu, "difu ikilia tena, mimi ndiye nitakayekwenda kununua."

Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga, na wao hawakuwahi kuiona difu. Tukutane Jumapili ijayo.